Radhi Tuliyoipeleka Kambini

Jambo lote lilitugharimu ng'ombe mmoja wa maziwa, kahawa ya msimu mzima iliyouzwa ikiwa bado mtini, mtaji wangu wa usipa, na sauti ya mdogo wangu. Vile vitatu vya kwanza nimevihesabu mara mbili na jumla imekuja ileile. Cha nne sijui kinapimwa kwa debe au kwa mizani, kwa hiyo nakiacha pembeni.

Mimi nafanya biashara ya usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Nanunua ufukweni kwa ndoo, naanika, kisha napandisha Mbinga mjini na kuuza sokoni kwa kopo. Kwetu hasa ni Maguu, huko juu kwenye miteremko ya kahawa. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, yeye ni mkulima. Mavuno yakiisha hushuka nami ziwani kunisaidia kubeba na kuanika. Ni mpole, na upole wake umewahi kunitia hasara, kwa sababu nikimwachia kupatana bei, katikati ya mapatano humwonea huruma mvuvi na kumwongezea.

Wakati huo tulikuwa tunanunua katika kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay. Karibu na barabara wanajeshi walikuwa wamepiga kambi ya muda, kwa ajili ya ulinzi wa mpaka, maana ng'ambo ya ziwa ni nchi ya watu na kusini nako ni nchi ya watu. Hatukuwa na ugomvi nao. Kwangu walikuwa wateja wazuri kuliko walimu: walilipa papo hapo na hawakudai nyongeza.

Asubuhi ile mitumbwi ilikuwa imeshafika. Mimi nilikuwa kwenye vichanja nikibishana na mwanamke mmoja juu ya ndoo yake iliyobonyea.

"Mama, ndoo yako imevuta pumzi," nikamwambia. "Tumbo limeingia ndani."

"Mume wangu kakesha majini, wewe unapima tumbo la ndoo."

"Mumeo nampa pole. Ndoo ndiyo nailipia."

Hapo ndipo gari la jeshi liliposhuka mchangani. Wanaume wote waliokuwa ufukweni wakaambiwa wakae chini. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa aje kutambua watu wake, akapita mbele yao huku ananyoosha kidole. Huyu wangu. Huyu wangu. Huyu mtoto wa dada, anakunywa lakini wangu. Alipofika kwa mdogo wangu akasimama, akamtazama, akasema kweli tupu: "Huyu wa milimani. Huja na mama wa usipa, lakini kwao sikujui."

Nikasogea. "Mama wa usipa ndiye mimi. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Sawa, mama," akasema aliyekuwa mkubwa wao, bila ukali. "Tunakwenda kumhoji kidogo. Atarudi."

"Atarudi saa ngapi, afande?"

"Atarudi."

Maisha yangu yote nimeishi kwa bei. Mtu akikwambia "tutaelewana" bila kutaja namba, ujue utaumia.

Walichukua wageni watatu. Wawili walirudi kabla jua halijatua, kwa miguu, wakiwa na kiu. Wakaniambia mdogo wangu amebaki kwa sababu simu yake ilikuwa na namba ya ng'ambo. Ilikuwa nayo, ndiyo. Shangazi yetu ameolewa Msumbiji, na tunampigia Krismasi na kwenye misiba. Mwaka huo misiba ilikuwa mingi.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alinisikiliza, akafungua kitabu cha mahabusu, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akakifunga.

"Mtu wako hayumo humu."

"Najua hayumo. Yuko kambini."

"Mimi namjua aliyeandikwa. Angekuwa kwangu, leo ningekwambia kosa lake na kesho ungemwona mahakamani. Hayuko kwangu."

"Sasa yuko kwa nani kisheria?"

"Mama, swali hilo nami nakusaidia kuliuliza," akasema.

Basi nikaenda getini kwa wanajeshi na hotipoti: ugali, na samaki aina ya mbasa wa kuchemsha. Getini alikuwepo kijana wa zamu, si wa mkoa wetu, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea mdogo wangu chakula. Yupo?"

"Sijasema yupo."

"Basi hayupo?"

"Sijasema hayupo."

"Mwanangu, hata mimi nikificha samaki wazuri chini ya meza, mteja akiniuliza kama wapo humwambia neno moja."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akakumbuka kazi yake. Lakini hotipoti aliipokea. Nilikaa juu ya jiwe nikasubiri mpaka ikarudi. Ndani yake mifupa ilikuwa imepangwa ukingoni, mirefu na mirefu, mifupi na mifupi, kama kuni nje ya nyumba ya bibi. Mdogo wangu amekula hivyo tangu alipoanza kula mwenyewe. Mama alikuwa akimpiga kibao kwa kuchelewesha vyombo. Nilishukuru Mungu pale juu ya jiwe. Yupo, na anakula.

Ile hotipoti ilinidanganya kwa muda mrefu. Kila ilipopokewa nilijiona nimepiga hatua. Nililala nyumbani kwa yule mama wa ndoo iliyobonyea, nikapika, nikapeleka, nikarudi na mifupa. Mtaji wa usipa ukageuka kuwa mbasa na nauli. Kila nilipouliza amekosa nini, jibu lilikuwa mahojiano yanaendelea. Nilipouliza yanaisha lini, niliambiwa yakiisha. Siku moja mifupa ilirudi ikiwa imetupwa ovyo, imechanganyika na ugali ambao haukuguswa. Sikujua kama ameumwa, au amekata tamaa, au chakula amekula mtu mwingine. Nilipandisha Maguu siku hiyohiyo.

Sisi Wamatengo tuna kitu kinaitwa sengu. Wanaume wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao, wanakula pamoja, na shauri likiwepo linaamuliwa hapo hapo wakiwa bado na ugali mikononi. Mkubwa wetu ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Nilieleza yote nikiwa nimekaa upande wa jikoni, mlango wazi. Wakatafuna. Baba mkubwa akanawa, akasema: "Twende tukaombe radhi."

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani mzee huyu alikuwa mjinga. Si mjinga. Kwetu, ukiwa na shauri na mtu aliyekuzidi nguvu, huanzi kwa kubisha. Unakwenda na mnyama, unaomba radhi kwa yote, yaliyofanyika na yasiyofanyika. Radhi ni kama kubisha hodi. Yule mwenye nguvu akishapokea, moyo wake umekaa chini, ndipo mnaanza kuulizana nani alifanya nini. Mara nyingi inaonekana hakuna aliyefanya lolote, mnyama analiwa na pande zote mbili, watu wanarudi kwao. Nimeona mashamba yakiokolewa hivyo, na ndoa.

Bado sikukubali. "Baba mkubwa," nikasema kutoka mlangoni, "sokoni anayetaja bei kwanza ndiye anayeumia. Tukiomba radhi, tunaomba ya kosa gani?"

"Radhi haina bei, mwanangu. Unaiweka chini, halafu unasikiliza."

"Na wao wakiiokota?"

"Ndiyo maana inawekwa chini. Iokotwe."

Wote wakacheka, nami nikakubali. Yeye alikuwa ametuliza mashauri mengi kabla sijajua kuhesabu, na mimi sikuwa na shauri lingine mkononi.

Tulishuka na beberu. Mkubwa wa kambi alitupokea vizuri kuliko tulivyotarajia. Alimwamkia baba mkubwa shikamoo, akampa kiti, akaagiza maji. Baba mkubwa akasimama, akavua kofia.

"Mkuu, sisi ni wazazi. Tumekuja kuomba radhi kwa yote aliyoyafanya mtoto wetu."

"Ameyafanya yapi, mzee?"

"Hayo aliyoyafanya."

"Mnayajua?"

"Mzazi hawezi kusema hajui ya mtoto wake."

Hii nayo ni adabu yetu. Mzazi anayesema "sijui" anaonekana amemtupa mtoto. Mkubwa wa kambi akavuta karatasi, akaandika polepole, akainua uso. Hakuwa na dharau. Nilichokiona usoni mwake kilikuwa kama nafuu, kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo na mwenye nyumba akamletea mwenyewe.

"Ahsante, mzee. Sisi tulikuwa bado hatujapata uhakika."

Nikajitahidi kuingia. "Afande, hii ni desturi tu. Kwetu hata asiye na kosa huombewa radhi."

"Mama, mzee amesema. Wewe unataka kusema mzee ni mwongo?"

Baba mkubwa aligeuka kunitazama. Ningesema nini? Mbele ya watu, mbele ya wageni wenye bunduki, niseme baba yangu mkubwa amesema uongo?

"Na mbuzi?" baba mkubwa akauliza mwishoni.

"Mbuzi mrudi naye, mzee. Sisi hatupokei mbuzi. Maelezo ndiyo tunapokea."

Beberu akarudi Mbinga kwenye basi, kwa nauli. Kondakta alitaka nimlipie kama abiria, tukapatana nusu, kwa kuwa hakukalia kiti. Karibu na mjini baba mkubwa akasema, "Hawakukaa chini." Alimaanisha mioyo yao.

Mbinga mjini yuko mama mmoja msaidizi wa kisheria, anayesaidia watu bure mambo ya mirathi na mashamba. Ofisi yake ni chumba kimoja, na hasira zake ni za vyumba vitatu. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye radhi, akaweka kalamu chini.

"Mlikwenda kumkiria mtu kosa ambalo hata hajasomewa?"

"Tulikwenda kubisha hodi."

"Mlibisha mlango usio wa kwenu. Nisikilize." Akaanza kunieleza kama anayempa mtu chenji, taratibu, ili asije akasema hakupewa. Mwanajeshi si polisi. Akimshika raia anamkabidhi polisi, haraka. Polisi anamwambia mtu sababu ya kumkamata, anamwandika kitabuni, anamfikisha mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au anamwachia. Raia hawekwi mahali pasipo na kitabu. Hata akiwa mbaya. "Hasa akiwa mbaya," akasema, "maana kosa lake tunataka lijulikane."

"Na wakisema hawanaye?"

"Kuna maombi yanapelekwa Mahakama Kuu Songea. Jaji anaamuru: uliyemshika mtu huyu, mlete mbele yangu na unieleze umemshika kwa sheria gani. Lakini lazima mtu aape kwamba yupo kule. Wewe umemwona kwa macho tangu achukuliwe?"

"Nimeona mifupa ya samaki."

"Jaji hasomi mifupa, mama."

"Hii anaweza kuisoma. Imepangwa."

Alicheka bila kutaka. Kisha akasema lililonikosesha usingizi. Maneno ya baba mkubwa yalikuwa kwenye karatasi yao. Wakijibu maombi, watasema hata familia imekiri. Kwa hiyo baba mkubwa mwenyewe aape. Aeleze kwa kiapo kwamba hajui kosa lolote la mtoto, na kwamba radhi ile ilikuwa desturi.

Kumwambia mzee huyo jambo hilo kulikuwa kugumu kuliko kupatana bei na Mhindi yeyote niliyewahi kukutana naye. Nilimkuta anapalilia mibuni. Nikapokea jembe, nikapalilia mstari mmoja kwanza.

"Unataka nikaape kwamba nilidanganya," akasema nilipomaliza kueleza.

"Hapana, baba. Uape kwamba uliomba radhi kama sisi tunavyoomba."

"Nilisema nayajua aliyoyafanya. Sasa niseme siyajui. Moja kati ya hayo ni uongo."

"Unayajua?"

Akaokota buni iliyoanguka, akaifuta kwa kidole. "Namjua yeye," akasema.

"Basi ndicho utakachoapa."

"Jaji huyo ni Mmatengo?"

"Sijui, baba."

"Akiwa si Mmatengo ataona nimezeeka vibaya."

"Ataona hivyo. Lakini kule kambini kuna mtu ambaye hata mbaya hawamwiti. Hawamwiti kitu chochote."

Alikwenda. Ng'ombe aliuzwa siku ya mnada, na kahawa tukaiuza ikiwa kijani mtini kwa jirani mwenye pesa, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu watu wa Maguu wanasoma na watanicheka. Tulipanda basi la Songea, tukabadilisha gari Kitai, njiani, kwa kuwa lile la kwanza liliharibika hapo. Baba mkubwa alisimama kando ya barabara, ndani ya koti lake la kanisani, akirudia maneno yake kwa midomo kama mtoto anayekwenda kupokea komunyo ya kwanza. Wakili wa Songea, tuliyeelekezwa na yule mama msaidizi wa kisheria, alitaja bei, nami nikataja yangu. Akaniambia haki haipatanwi. Nikamwambia haki ndiyo, ila mafuta ya gari lake yanapatanwa. Akashuka kidogo.

Kiapo kiliandikwa. Wakili alikisoma kwa sauti, baba mkubwa akainua mkono kumkatiza. "Hapo mmeandika radhi yangu haikuwa na maana," akasema. "Futeni. Ilikuwa na maana. Andikeni haikuwa na kosa ndani yake." Wakili akafuta, akaandika hivyo. Mimi niliapa ya kwangu: nilivyomwona akichukuliwa, geti, hotipoti. Mifupa wakili aliiweka katika aya fupi, akasema haiumizi.

Maombi yakapokelewa, siku ya kusikilizwa ikapangwa, wito ukapelekwa kambini. Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa kubwa kuliko zote. Kabla ya wito, mdogo wangu alikuwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Sasa alikuwa mtu anayetafutwa na jaji, mikononi mwa watu waliokwisha kusema hawasemi kama yupo. Nilihesabu njia ambazo mtu anaweza kupotea kati ya kambi na mahakama. Nilihesabu tena. Kuna ziwa, nikasema, na msitu, na mpaka. Niliacha kula samaki.

Siku ya kesi haijafika, simu ikaja kutoka kituo cha polisi, sauti ileile ya askari wa zamu. "Mama, sasa yumo kitabuni mwangu. Njoo haraka, maana natakiwa kumtoa."

Alikabidhiwa asubuhi, akaandikwa, mchana wakaandika kwamba hakuna shtaka. Nilimkuta ameketi benchi la mbele, mgongo umebanwa ukutani. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Nilimpigia kelele kidogo za furaha, akaniomba nipunguze sauti. Nyumbani Maguu, mama alipomwekea chakula, alisimama akasema, "Naomba ruhusa kwenda chooni." Mama akafikiri anatania, akacheka. Yeye akaendelea kusimama, akisubiri ruhusa. Baba mkubwa ndiye aliyesema, "Nenda, baba." Akaenda. Tangu hapo huongea maneno machache na ya chini, na akiulizwa swali lolote, hata la bei ya mbolea, hufikiri sana kabla hajajibu.

Wakili anasema ombi letu sasa halina la kuomba, mtu akishatoka jaji hana wa kuletewa. Kufungua kesi nyingine ya kudai fidia kunawezekana, kwa bei nyingine. Mama msaidizi wa kisheria anasema tumeshinda. Naamini ametamka kweli, ila sijaona pa kuiandika.

Sasa limekuja hili, nalo ndilo lililonifanya niandike. Juma lililopita wamepiga simu kutoka kambini. Sauti ya heshima. Kitambulisho chake cha taifa kimesahaulika kwao, aende akichukue, na akifika atie sahihi maelezo yake ili jalada lifungwe. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini nyingine, wala kupokea malipo ya kahawa ya msimu ujao kwenye akaunti. Baba mkubwa anasema aende, na ukoo mzima umsindikize hadi getini, lakini safari hii bila kuomba chochote. Mama msaidizi anasema asikanyage, kitambulisho kipelekwe polisi na achukulie huko mbele ya wakili, na asitie sahihi karatasi asiyopewa nakala yake. Tumeomba hivyo. Wamejibu kwamba mwenye mali hufuata mali yake.

Mdogo wangu mwenyewe anasema ataenda peke yake, Jumatatu, ili yaishe. Amekwisha kufua shati.

Nimelipima upande huu na upande huu na mizani haitulii. Wewe unayesoma, kama ndugu yako aliwahi kushikwa hivyo kisha akaitwa arudi kwa hiari yake, nieleze: mlimwacha aende? Nani alikwenda naye, na getini mlidai mpewe nini mkononi kabla hajaingia? Nijibu kabla ya Jumatatu.